Msaada wa jamii kaunti ya Kilifi: mlango upi, karatasi ipi, na yanayokwamisha

Katika kila kijiji cha Kilifi, kuanzia Mtwapa mpaka Adu, zinafanya kazi serikali mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya kitaifa, na mtu wake wa karibu ni naibu chifu. Ya pili ni ya kaunti, na huyo utampata kwenye ofisi ya wadi. Kila moja ina bajeti yake, maafisa wake na mihuri yake. Wengi wanaorudi nyumbani mikono mitupu walistahili kusaidiwa, ila walibisha kwa serikali ya kaunti kwa jambo la kitaifa, au walifika panapostahili bila karatasi inayotakiwa. Mwongozo huu umeandikwa ili usipoteze nauli.

Nani anashughulikia nini

Mgawanyo wa kazi umo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, polisi, mahakama, shule za msingi na sekondari, ofisi ya watoto na pesa za Inua Jamii (msaada wa kila mwezi kwa wazee, yatima na wenye ulemavu) ziko upande wa kitaifa. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko na zimamoto ziko upande wa kaunti. Kwa hiyo mifereji ikikauka Kaloleni, chifu hana uwezo wa kufungulia maji. Na mzee wa miaka 72 asiyepata pesa za wazee asipoteze siku kumngoja mwakilishi wadi, maana orodha ile haiko mikononi mwake.

Upande wa kitaifa unapanda hivi: mzee wa kijiji, naibu chifu wa kata ndogo, chifu wa lokesheni, kisha kamishna msaidizi wa kaunti ambaye watu bado wanamwita DO, kisha naibu kamishna wa kaunti ambaye wengi bado wanamwita DC, na juu kabisa kamishna wa kaunti. Upande wa kaunti kuna msimamizi wa wadi, msimamizi wa kaunti ndogo, halafu mawaziri wa kaunti na gavana. Mwakilishi wadi ni mjumbe wa bunge la kaunti. Anaweza kukusemea, lakini hasaini barua za utawala.

Kilifi ina maeneo bunge 7 na wadi 35. Kabla ya kutoka nyumbani jua majina manne ya mahali pako: kijiji, kata ndogo, lokesheni na wadi. Fomu za serikali ya kitaifa huuliza kata ndogo na lokesheni, za kaunti huuliza wadi, na mipaka hiyo hailingani. Majirani wanaochota maji kisima kimoja wanaweza kuwa wadi mbili tofauti, na fomu ya basari iliyoandikwa wadi isiyo yako haitafika mezani.

Watu wawili wa kuanza nao

Wa kwanza ni naibu chifu. Ndiye anayekujua wewe na boma lenu, ndiye anayeandikisha vizazi na vifo vya nyumbani, na karibu kila fomu itapita kwake. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, na mapumziko kati ya saa 7 na saa 8. Lakini machifu na manaibu wao mchana huwa nje kwa mabaraza na mizozo ya mashamba, kwa hiyo nenda asubuhi, tena umpigie simu kwanza au umuulize mzee wa kijiji yuko wapi.

Wa pili anasahaulika sana: mhudumu wa afya wa jamii. Tangu 2023 wahudumu hawa zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha, sukari na lishe ya watoto, na kila mmoja anasimamia takriban kaya 100. Hupita nyumba kwa nyumba. Anajua ni nani amelazwa, nani hatoki kitandani, mtoto gani hajapata chanjo, na anaweza kuandika rufaa kwenda zahanati. Kama hujui wa kwenu ni nani, uliza kwenye zahanati iliyo karibu. Orodha yao iko pale.

Barua ya chifu

Barua hii hailipiwi. Watu huiomba kwa haraka, wakapewa karatasi inayosema tu kwamba mwenye barua ni mkazi na asaidiwe. Barua ya namna hiyo haimpi afisa kitu cha kushika. Mwambie chifu unaipeleka ofisi gani na unataka ithibitishe jambo gani. Iwe na majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, kijiji, kata ndogo na lokesheni, jina la ofisi inayoandikiwa, tarehe, saini, muhuri na simu ya aliyeandika. Kiini chake kiwe kitu kama hiki:

"Nathibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki, ni mjane, hana kazi ya mshahara, na ndiye anayewalea wajukuu watatu ambao wazazi wao wote wamefariki."

Sentensi hiyo moja ina mambo manne ambayo afisa anaweza kuyaingiza kwenye fomu yake. Soma barua kabla ya kuondoka, au mpe mtoto wa shule akusomee. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, utarudi. Angalia muhuri pia: ukiwa umefifia hata tarehe haionekani, omba ugongwe tena.

Bahasha ya karatasi

Weka bahasha moja ya plastiki nyumbani, mahali pakavu. Ndani yake: kitambulisho na kopi tatu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote unaowalea, vyeti vya vifo vya wazazi wao kama wamefariki, kadi za kliniki, nambari ya SHA (bima ya afya ya serikali), picha mbili za pasipoti, na daftari dogo. Kwenye daftari andika kila ofisi uliyofika, tarehe, jina la uliyezungumza naye na alichokuambia. Unapowasilisha fomu, chukua kopi yako na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila kopi hiyo, fomu ikipotea ni neno lako dhidi ya neno la ofisi.

Kuna matatizo matatu ya karatasi yanayowakwamisha watu wa Kilifi kuliko mengine.

Kwanza, majina kupishana. Mtoto ameandikwa Karisa Kahindi kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni ni Kahindi Karisa, na kadi ya ubatizo au ya madrasa ina jina jingine kabisa. Kompyuta huona watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha au hakimu, ikisema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Ifanye mapema, usingoje wiki ya mwisho ya kurudisha fomu.

Pili, kifo kisichoandikishwa. Mtu akifariki nyumbani, mazishi hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, na hakuna anayekumbuka karatasi. Miaka baadaye yatima anaomba basari au pesa za watoto, anaambiwa alete cheti cha kifo. Kifo cha nyumbani kinaripotiwa kwa naibu chifu, ambaye pia hutoa kibali cha mazishi; karatasi yake ndiyo inayokuwezesha kuomba cheti. Kama miaka imepita, kuna usajili wa kuchelewa kupitia naibu chifu yule yule na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Huchukua muda zaidi na maswali zaidi, lakini hufanyika. Vizazi navyo ni hivyo hivyo: mtoto aliyezaliwa nyumbani aandikishwe ndani ya miezi 6, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa.

Tatu, umri. Wazee wengi wa Ganze na Magarini walipochukua vitambulisho, mwaka wa kuzaliwa ulikadiriwa tu. Matokeo yake kuna nyanya mwenye miaka 75 ambaye kitambulisho kinamsoma 66. Hakuna chifu wala afisa anayeweza kuruka hilo, kwa sababu mfumo husoma tarehe iliyo kwenye kitambulisho. Marekebisho huombwa kwenye ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo, na yanahitaji ushahidi wa zamani: kadi ya ubatizo, cheti cha shule, au karatasi nyingine iliyoandikwa zamani. Hilo lianze leo, kabla hata ya kuuliza kuhusu pesa za wazee.

Inua Jamii

Mpango huu una makundi matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa wakati wote. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na wakati mwingine hulipwa kwa miezi miwili pamoja, yaani 4,000.

Ofisi yenye mamlaka ni ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo. Kwa maoni yetu hii ndiyo ofisi inayopuuzwa zaidi katika kaunti nzima, na ndiyo yenye majibu mengi zaidi. Naibu chifu huandikisha na kuthibitisha, lakini anayejua jina lako limefika wapi ni afisa wa maendeleo ya jamii. Simu ya bure ya mpango ni 1533.

Elewa hatua zake ili usikate tamaa wala usidanganywe. Uandikishaji haufunguliwi kila siku. Hufunguliwa kwa awamu, na tangazo hutolewa kwenye baraza la chifu. Asiyehudhuria mabaraza hulisikia likiwa limepita. Baada ya kuandikishwa, majina huhakikiwa, kisha waliokubaliwa huandikishwa rasmi na kuwekewa njia ya malipo. Aliyeandikwa hatua ya kwanza bado si mpokeaji. Kwa hiyo ukienda kuuliza, uliza hivi: "Nimehakikiwa? Nimesajiliwa? Njia yangu ya malipo imethibitishwa?" Utapata jibu la maana zaidi kuliko ukiuliza pesa zitatoka lini.

Mzee asiyeweza kufika mahali pa malipo huwa na msaidizi aliyesajiliwa kwa jina, mwenye kitambulisho chake. Msaidizi akifariki, akihamia Nairobi, au akianza kula pesa za mzee, lazima abadilishwe rasmi kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kumtuma mjukuu mwingine na kitambulisho cha mzee hakufai. Pesa zikikaa bila kuchukuliwa kwa muda mrefu, malipo yanaweza kusimamishwa. Na mpokeaji akifariki, toa taarifa, kwa sababu jamaa akiendelea kuchukua pesa hizo ataingia matatani.

Uandikishaji haulipiwi, hata shilingi moja. Anayekuambia utoe kitu kidogo ili jina lipande juu, au anayepiga simu akitaka nambari ya siri, ni mwizi. Ripoti kwa afisa wa maendeleo ya jamii au kwa tume ya kupambana na ufisadi, simu ya bure 1551.

Hospitali na bili

Jisajili SHA kwa kupiga *147# au ukiwa Huduma Centre au hospitalini. Kujisajili ni bure. SHA ilichukua mahali pa NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Kuna huduma za matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya zinazogharimiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyesajiliwa, hata kama hajalipa mchango. Mchango unahitajika kwa kulazwa na matibabu makubwa. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba, choo, mifugo na mapato, kisha mfumo unamkadiria asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima. Maswali yajibiwe na mtu anayeijua nyumba. Kijana wa saiba akijaza kwa kubahatisha, boma la makuti linaweza kuandikwa kama nyumba ya mawe, nawe ukakadiriwa zaidi ya uwezo wako.

Dharura haina masharti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, hivyo mgonjwa anapotokwa damu au mama anaposhikwa na uchungu, maswali ya malipo yaje baadaye.

Kama bili imekushinda, kila hospitali kubwa ya umma, ikiwemo ya Kilifi na ya Malindi, ina afisa wa ustawi wa jamii. Watu humfikia siku ya kuruhusiwa kutoka, nayo ni kuchelewa: kitanda kinaendelea kuhesabiwa kila siku. Mwendee siku ya pili au ya tatu ya kulazwa. Atakuhoji kuhusu kazi, wategemezi na mali, ataomba barua ya chifu na kitambulisho, kisha atapeleka jina kwenye kamati ya msamaha. Kamati inaweza kusamehe yote, sehemu, au kukubali ulipe kidogo kidogo kwa maandishi. Sema ukweli wote, hata wa shamba mnalomiliki, kwa sababu uwongo ukigunduliwa ombi huanguka. Mgonjwa akifariki, mwendee siku hiyo hiyo. Gharama za mochari nazo huongezeka kwa siku. Na mgonjwa aliyepona hazuiliwi wodini kama rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafungia wanawake waliojifungua katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao.

Dhuluma za kingono na za nyumbani

Hapa saa zina uzito kuliko karatasi. Aliyebakwa au kunajisiwa apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura inafaa ndani ya saa 120. Matibabu haya ni bure katika hospitali za umma, na hakuna fomu ya polisi inayotangulia matibabu. Mtu akikwambia "nendeni polisi kwanza ndipo mhudumiwe", amekosea.

Asioge, asipige mswaki, asibadilishe nguo kama anaweza. Nguo alizokuwa nazo zifungwe kwenye karatasi ya kaki au gazeti. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Hospitalini daktari hujaza fomu inayoitwa PRC, ya huduma baada ya kubakwa. Hakikisha imejazwa na kusainiwa siku hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayotegemewa mahakamani. Kisha mwende kituo cha polisi, muombe dawati la jinsia. Taarifa ikiandikwa kwenye kitabu cha matukio, utapewa nambari ya OB: nambari ya tukio, kisha siku, mwezi na mwaka, kwa mfano 23/14/05/2025. Iandike kwenye daftari lako hapo hapo. Bila nambari hiyo hakuna kesi inayoweza kufuatwa. Polisi watatoa fomu ya P3, yaani ripoti ya daktari kuhusu majeraha, ambayo nayo hailipiwi, ikajazwe hospitalini.

Kesi ya unajisi haimalizwi na wazee chini ya mwembe, wala kwa mbuzi, wala kwa ahadi ya ndoa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimpi chifu, mzazi wala mzee wa kaya (makao ya jadi ya Wamijikenda) uwezo wa kuiondoa. Familia nyingi hushawishiwa wakubali fidia, kisha mtoto akabaki na majeraha na mtuhumiwa akabaki jirani. Tunasema kwa uchungu: usikubali. Piga 116, simu ya watoto ya bure inayopokewa usiku na mchana. Kwa watu wazima na watoto pia kuna 1195, nayo bure. Ushauri wa kisheria kwa wanawake hutolewa na FIDA Kenya, yenye ofisi Mombasa. Mashirika ya haki za binadamu ya Kituo cha Sheria na MUHURI pia yako Mombasa.

Kilifi kuna dhuluma nyingine isiyopaswa kunyamaziwa: wazee kusingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba. Mzee akianza kutishwa, usingoje apigwe. Ripoti polisi, chukua nambari ya OB, kisha mfikie naibu kamishna wa kaunti, na umwombe afisa wa maendeleo ya jamii mahali salama pa kumhifadhi. Kule Ganze, kaya ya Godoma imekuwa ikiwahifadhi wazee waliokimbia vitisho vya namna hii.

Malezi ya mtoto

Mzazi aliyetoroka jukumu huitwa na afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 baba na mama wana jukumu sawa, wawe walioana au la. Nenda na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, simu na mahali anapoishi au anapofanya kazi yule mwingine, na orodha ya gharama halisi za mwezi: chakula, karo, sare, dawa, kodi. Orodha yenye risiti hushinda kilio. Ofisi huandika mwito, huwasikiliza wote, na wakikubaliana huandikwa mkataba wa malezi unaosainiwa. Usikubali mapatano ya mdomo. Asipofika au asipotimiza, hatua inayofuata ni mahakama ya watoto, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Makosa yanayoharibu kesi hizi ni kupokea pesa mkononi bila kumbukumbu. Zipitie M-Pesa ili zionekane.

Ulemavu

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndiyo ufunguo wa vitu vingi, kwa hiyo isajiliwe hata kama leo huhitaji kitu. Hatua ya kwanza ni kupimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Jopo huketi siku maalumu tu. Ulizia siku hiyo kabla ya kumbeba mgonjwa kutoka Bamba mpaka Kilifi mjini. Ripoti ikishasainiwa hupelekwa kwa baraza, ndipo kadi itolewe.

Kadi hufungua maombi ya vifaa kama viti vya magurudumu na magongo, ufadhili wa masomo, na kwa aliyeajiriwa, msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi, baada ya kupata cheti cha mamlaka ya kodi. Kwa vifaa vya kutembelea na viungo bandia, chama cha watu wenye ulemavu, APDK, kina kituo chake Port Reitz, Mombasa. Kiti kipimwe kwa mwili wa mtumiaji. Kiti kikubwa cha hisani kilichotolewa mkutanoni humtoa mtoto vidonda na kumpinda mgongo.

Mtoto wa kwenda shule apelekwe kwanza kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu, kilicho chini ya wizara ya elimu, ndicho kinachoandika aende shule gani. Kilifi ina shule ya viziwi ya Kibarani, na Mtwapa kuna shule maalumu ya Sahajanand.

Karo

Kuna mifuko mitatu yenye fomu tatu tofauti, na unaweza kuomba yote: ya eneo bunge kutoka ofisi ya mbunge, ya kaunti inayopitia wadi, na ile ya mwakilishi wa kike. Fomu huomba barua ya kujiunga au ripoti ya mwisho, muundo wa karo, muhuri wa shule, wa chifu, na vyeti vya vifo kwa yatima. Pesa huenda moja kwa moja shuleni. Tatizo la kawaida: mwanafunzi amehama, cheki ikatoka kwa jina la shule ya zamani. Ukihama, iarifu ofisi kwa maandishi siku hiyo. Matangazo hukaa siku chache na hubandikwa kwenye ofisi ya wadi, ya chifu na ya eneo bunge. Pita huko kila muhula unapokaribia.

Njaa, mafuriko na dawa za kulevya

Chakula cha msaada wakati wa ukame mara nyingi hupitia utawala wa kitaifa, kwa hiyo orodha ni ya chifu na kamati ya kijiji. Omba orodha isomwe hadharani kwenye baraza. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akionekana kudhoofika, mhudumu wa afya ampime mkono kwa utepe: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, utapiamlo mkali, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, mgao wa chakula uwepo au usiwepo. Mto Sabaki ukifurika, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Laini hiyo hutoa pia ushauri kwa aliyelemewa na mawazo.

Kwa vijana wa unga (heroini), Malindi ina kitu adimu: tangu 2015 hospitali ya kaunti ndogo pale hutoa methadoni, dawa inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeanza kwa kawaida huandaliwa na shirika linalofanya kazi mitaani na watumiaji, kama The Omari Project ya hapo hapo Malindi, ambalo humpima na kumpeleka kliniki. Familia zijue kwamba dawa hii haitolewi ya kwenda nayo nyumbani mwanzoni, hivyo anayeishi Marafa apange kwanza mahali pa kulala mjini.

Ukizungushwa

"Rudi wiki ijayo" mara mbili yatosha. Ya tatu, andika. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulipia ombi, na kama hujui kuandika, afisa anatakiwa kukuandikia. Taja unachotaka kwa ufasaha: "Naomba kujua ombi langu la tarehe fulani limefikia wapi, na kama lilikataliwa, kwa sababu gani." Ofisi ina siku 21 kujibu, jambo la uhai au uhuru wa mtu lijibiwe ndani ya saa 48. Bakisha kopi yenye muhuri.

Wasipojibu, panda ngazi moja ndani ya upande ule ule: kutoka kwa chifu hadi kwa naibu kamishna, kutoka kwa msimamizi wa wadi hadi kwa wa kaunti ndogo. Kuruka moja kwa moja kwa gavana au kamishna hurudisha faili chini na kupoteza wiki. Ngazi zikiisha, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita Ombudsman. Ambatisha kopi ya ombi lenye muhuri, barua ya chifu, na kurasa za daftari lako zenye tarehe na majina. Tume haitozi ada, na hupokea malalamiko kwa barua, kwa simu, au ana kwa ana.